Stori Bomba, Mapishi Wameboronga

Mimi nipo, mzima wa afya, ila mfuko ndio mgonjwa kama kawaida. Wale mlionishukia kwa yale niliyosema wiki jana kuhusu vijana wanaoazima viatu vya kwendea harusini, nimewasikia, na viatu vya watu nimesharudisha. Leo tuyaache hayo. Leo nina hasira ya miaka kadhaa nataka kuitoa, na ninaitoa juu ya katuni.

Ndiyo, katuni. Usicheke. Nazungumzia zile za Kijapani, anime, ambazo mtu mzima akikukuta unaangalia anakuuliza kama umekosa kazi ya kufanya. Shangazi yangu alinikuta siku moja nasoma vitabu vyake kwenye simu, vile vinavyoitwa manga, nikamwambia, "Shangazi, nasoma manga." Akafurahi kweli, akadhani nimeanza kusoma mambo ya Uarabuni, maana kwake yeye Manga ni huko wanakotoka Wamanga. Alipoona picha ya zimwi lenye macho mawili, moja juu ya jingine, akasema astaghafirullah, akarudi zake jikoni.

Sasa nisikilizeni. Kuna ugonjwa mmoja kwenye hizi katuni ambao ukishaujua unakuuma kila ukiuona. Mtu anakuja na wazo kali, wazo ambalo ukisimuliwa tu pale kijiweni unaacha kunywa kahawa. Unaanza kuangalia, mambo bomba kichizi. Halafu katikati ya safari wanachemsha. Ni sawa na kununua mchele wa Kyela, ule unaonukia mpaka nyumba ya tatu, halafu ukaupika bokoboko. Afadhali ungepika ugali tangu mwanzo, tusingekuwa na matumaini.

Ugonjwa huu mimi ulinikuta kwenye The Promised Neverland, na ulitaka kunivunjia udugu.

Mwaka 2019 nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza form four, nimekaa nyumbani nasubiri matokeo, na baada ya matokeo nikakaa nyumbani kwa sababu ya hayo matokeo. Tulikuwa tunaishi kwa shangazi, mimi na mdogo wangu wa kike. Mdogo wangu wakati huo alikuwa na miaka kumi na moja. Kuna jamaa mtaani kwetu ana kibanda cha kuingizia watu muvi kwenye flashi, akaniwekea msimu wa kwanza wote, sehemu kumi na mbili, akaniambia, "Mwanangu, hii ukianza hulali." Nikamwona anapiga debe tu kama kawaida yake.

Hatukulala.

Kwa ambaye hajaiona: kuna kituo cha yatima kinaitwa Grace Field. Nyumba nzuri, nyasi, chakula kizuri, watoto wamevaa nguo nyeupe, na mlezi wao mmoja wanamwita Mama. Kila mtoto ana namba shingoni. Kila siku wanafanya mitihani. Watoto wakubwa watatu, Emma, Norman na Ray, wana miaka kumi na moja na wanapata maksi zote. Kila baada ya muda mtoto mmoja anapata wazazi wa kumlea, anaagwa, anaondoka. Haandiki barua hata mmoja. Siku moja katoto kanaitwa Conny kanaondoka, kanasahau mdoli wake wa sungura. Emma na Norman wanamkimbilia na mdoli mpaka getini, mahali ambapo wamekatazwa kufika, wanachungulia ndani ya gari. Conny yumo, amekufa, ameshachomekwa ua kifuani. Pembeni wamesimama mazimwi wanaongelea nyama. Kituo ni shamba, watoto ni mifugo, na ile mitihani ni ya kunenepesha ubongo kwa sababu ubongo ndio mazimwi wanaoupenda. Mama anajua yote. Mama ndiye mfugaji.

Jamani! Sisi tumekulia hadithi za zimwi linalomfungia mtoto kwenye ngoma, lakini hakuna bibi aliyewahi kutuambia kuwa zimwi lina mkataba na Mama.

Na walivyoipika! Ngumi ni kama hakuna kwenye msimu huo mzima. Watoto wanapanga kutoroka, Mama anajua kuna wanaojua, ila hajui ni nani. Mnakaa mezani mnakula, mnatabasamu, kila mtu anamchunguza mwenzake. Kuna mahali Mama anashika tu bega la Emma na kumtazama usoni, na mdogo wangu alinifinya mkono mpaka alama ikabaki. Mwisho wanatoroka watoto kumi na watano, wanavuka bonde kwa kamba, wanawaacha wale wadogo wa miaka minne kushuka chini kwa ahadi kwamba watawarudia.

Mdogo wangu aliangalia mwisho ule mara tatu. Halafu akaniuliza, "Kaka, wakifika huko nje watamkuta nani?"

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusoma manga yake, imeandikwa na Kaiu Shirai na kuchorwa na Posuka Demizu, ilikuwa inatoka kwenye jarida la Weekly Shonen Jump tangu 2016. Nilishapita mbele. Nikamwambia, "Kuna jamaa anaitwa Yuugo. Subiri, anakuja."

Huyu Yuugo, wapenzi wasomaji, ndiye mtu mzima wa kwanza wanayemkuta nje ya shamba. Anakaa chini ya ardhi kwenye handaki, peke yake. Na yeye alitoroka shamba lake akiwa mtoto na wenzake, wenzake wakaisha kwenye msitu mmoja wa mawindo unaoitwa Goldy Pond, akabaki na handaki na meza ya chai na viti vitupu, miaka kumi na mitatu. Watoto wanapoingia anawaelekezea bunduki, anawatukana, hataki kuwaona. Emma anamwita jina, naye anamwita Emma "Antena" kwa vile nywele zake zimesimama. Taratibu yule mtu mbaya anageuka kuwa mtu wao. Kama kuna sehemu kwenye manga ile iliyonifanya nitoke nje kidogo nikavute hewa, ni hiyo.

Sasa mimi nikawa namsimulia mdogo wangu kidogo kidogo, kumtia hamu tu. Kila akiuliza msimu wa pili lini, nasema subiri, Yuugo anakuja. Walitangaza Oktoba 2020, ikaja korona, wakasogeza mpaka Januari 2021. Miaka karibu miwili mtoto anamsubiri Yuugo. Akawa hata anamchora nyuma ya daftari la hesabu, kwa kukisia, akamvisha kofia.

Januari 2021 ikafika. Tukaweka. Watoto wanatembea msituni, wanafika kwenye handaki, wanafungua mlango.

Hamna mtu.

Nikasema labda katoka kuwinda. Nikamwambia mdogo wangu tulia, anachelewa kidogo. Sehemu iliyofuata hayupo. Mara handaki linavamiwa na askari, watoto wanakimbia, handaki kwaheri. Yuugo hakuchelewa, Yuugo alifutwa. Walimtoa mzimamzima na Goldy Pond yake, sura kama thelathini za manga, na ndizo ambazo wasomaji wengi wanaziona ndio moyo wa stori baada ya shamba.

Hebu tupige hesabu, mimi ambaye hesabu zilinipiga. Manga nzima ina sura 181. Msimu wa kwanza ulitumia sura 37 kwa sehemu 12, yaani sura tatu hivi kwa kila sehemu. Unakula unatafuna. Zikabaki sura 144, wakazisokomeza kwenye sehemu 11. Ni sura kumi na tatu kwa kila sehemu! Hata basi la mkoani sikukuu halijazwi hivyo. Kwa hiyo wakaanza kushusha abiria njiani. Yuugo akashuka, wawindaji wa Goldy Pond wakashuka, vita vya wakubwa wa mazimwi vikashuka. Norman, ambaye kwenye manga unamsubiri mpaka roho inauma, huku anarudi haraka kama alikwenda dukani kununua chumvi. Na mwisho wake, Mungu wangu, mwisho! Emma anabaki kwenye nchi ya mazimwi kurekebisha dunia nzima, na hayo yote tukaonyeshwa kwa picha zilizosimama, moja baada ya nyingine, kama albamu ya harusi ya mtu usiyemjua. Picha hii, picha ile, dunia imepona, asanteni kwa kuja.

Cha kushangaza ni kwamba mwandishi mwenyewe wa manga alishirikishwa kwenye msimu huo. Halafu kwenye sehemu mbili za mwisho jina lake halikuonekana kwenye orodha ya waandishi. Mimi sijui kiingereza cha kutosha wala kijapani hata kidogo, ila najua maana ya mtu kuondoka kwenye shughuli kabla ya pilau.

Mdogo wangu, alikuwa form one sasa, alizima kompyuta. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na wewe umekuwa kama baba. Subiri anakuja, subiri anakuja."

Nifafanue kidogo, ingawa mambo ya nyumbani sipendi kuyaleta gazetini. Dingi alikwenda Mwanza mwaka 2017 kutafuta maisha. Simu mwanzoni zilikuja. Mimi ndiye niliyekuwa nampokelea mdogo wangu habari, na nilikuwa naongeza chumvi. Basi.

Alininunia wiki mbili. Salamu anatoa, maana shangazi yupo, lakini hivyo tu.

Katika wiki mbili hizo nilikaa nikafikiria hasa kosa liko wapi, kwa sababu watu wengi kijiweni walikuwa wanasema kosa ni kubadilisha. Kwamba ukitoka nje ya kitabu tu umeharibu. Mimi hapo nakataa. Fullmetal Alchemist ya mwaka 2003, nani haijui? Manga ya Hiromu Arakawa ilikuwa bado inaendelea, haikuisha mpaka 2010, katuni ikawapita mwandishi. Wakakata njia yao wenyewe, wakafika sehemu 51 na mwisho wao wenyewe, na mpaka leo kuna watu wanaugombania ule mwisho. Halafu 2009 wakaipika upya, Brotherhood, sehemu 64, safari hii wakafuata kitabu, nayo bomba. Mchele mmoja, mmoja kapika pilau, mwingine wali wa nazi, wageni wote wameshiba. Kwa hiyo kubadilisha sio dhambi. Dhambi ni kutoa kitu na usiweke kitu. Handaki bila Yuugo sawa, lakini nani yuko kwenye handaki? Hamna.

Wengine wanasema kosa ni michoro. Hilo nalo lipo, sikatai. Aliyeangalia The Seven Deadly Sins tangu mwanzo anajua. Kwenye msimu ulioanza 2019 studio ilibadilika, na pambano la Meliodas na Escanor, ambalo watu walilisubiri kama watani wa jadi, likatoka na sura za watu kama vinyago vilivyochongwa gizani. Tulicheka mpaka tukalia. Lakini pale stori ilibaki stori, ukifumba macho unaifuata.

Kinachoniuma zaidi ni Uzumaki. Manga ya Junji Ito ya mwaka 1998 na 1999, mji mzima unalaaniwa na umbo la mzunguko, lile la konokono. Lisikie wazo lenyewe! Hakuna jini, hakuna muuaji, ni umbo tu. Mzee mmoja analipenda umbo hilo mpaka mwili wake wenyewe unajikunja ndani ya beseni. Walitangaza kuitengeneza mwaka 2019, nyeusi na nyeupe, sehemu nne tu, tukasubiri miaka mitano. Septemba 2024 ikatoka sehemu ya kwanza chini ya mwongozaji Hiroshi Nagahama. Nyie! Kila mstari unatembea kama kitabu kimepata pumzi. Nilimpigia simu jamaa yangu saa saba usiku. Wiki iliyofuata sehemu ya pili, watu wanatembea kama wameazimwa miguu. Jason DeMarco, mmoja wa wakubwa wa mradi huo, aliandika mwenyewe hadharani kuwa kuna mambo yaliwaendea mrama na ilibidi wachague: waachane nayo kabisa, waonyeshe ile moja tu, au waonyeshe zote nne na makovu yake. Wakaonyesha zote. Siwalaumu sana, mimi pia ningetaka kuona mwisho. Ila sehemu ile ya kwanza sasa imekuwa kama picha ya marehemu, nzuri mno.

Nilisoma kidogo jinsi mambo yanavyokwenda kule Japani nikaanza kuona huruma. Katuni nyingi zinagharamiwa na kamati ya makampuni: mchapishaji wa kitabu, kituo cha televisheni, watu wa muziki, watu wa midoli. Studio inayochora mara nyingi inalipwa ujira wake na kuondoka. Ikivuma, faida kubwa inakwenda kwa kamati. Tarehe ya kurushwa imeshapangwa, iwe umemaliza au hujamaliza. Vijana wanaochora zile picha za katikati wanalipwa kwa karatasi, na malipo yanayotajwa sana ni kama yen 200 kwa karatasi moja. Piga mwenyewe unahitaji karatasi ngapi ulipie chumba Tokyo. Wonder Egg Priority ya 2021 ilikuwa inaenda vizuri ajabu, binti mmoja anaitwa Ai aliyeacha shule baada ya rafiki yake kufariki, anaingia usiku kwenye dunia ya mayai kuwatetea mabinti wengine. Ilifika mahali wakazidiwa, sehemu ya nane ikabidi iwe marudio. Mwisho ukasukumwa mpaka Juni, sehemu maalum ya saa nzima, tukakaa kitako, kumbe nusu yake ni marudio tena! Na nusu iliyobaki ikaja na maswali mapya badala ya majibu. Ile haikutokana na kitabu, ilikuwa stori yao wenyewe, hakuna wa kusingiziwa. Yule mwandishi alifungua milango mingi kuliko funguo alizonazo.

Ndipo nikaelewa hasira yangu kwenye Neverland. Wale hawakukosa stori. Stori ilikuwepo, imeshaandikwa mpaka nukta ya mwisho, manga iliisha mwaka 2020. Walikuwa na ramani mkononi wakapotea.

Turudi kwa mdogo wangu. Siku ya kumi na nne umeme ulikatika, kama unavyojua mambo yetu, shangazi amelala. Nikamwambia, "Njoo, Yuugo yupo." Hakunijibu. Nikafungua simu, chaji asilimia arobaini, nikaanza kusoma kwa sauti, nachukua kiingereza natoa kiswahili, pale ninapokwama nabuni. Emma anafungua mlango wa handaki. Jamaa amekaa kwenye kiti, miguu juu ya meza, anakula biskuti. Nikamgeuzia simu aone picha.

Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Kofia hana." Halafu akasogea.

Tulisoma karibu miezi miwili, kila usiku sura mbili au tatu, Goldy Pond yote. Nilikuwa namfanyia sauti, Yuugo nilimpa sauti ya konda wa daladala. Ila kuna kitu nilikuwa nakijua na yeye hajui. Ambaye hajasoma na anataka kusoma aruke aya hii na inayofuata. Yuugo anakufa. Yeye na rafiki yake Lucas, wanabaki nyuma kwenye handaki, wanalilipua na wavamizi wakiwa ndani ili watoto wapate kukimbia. Sura zile zilipokaribia nikaanza visingizio. Leo nina kazi, leo macho yanauma, leo bando limeisha. Nilifikiria hata kubadilisha, nimfanye apone, nani atajua? Mimi ndiye ninayetafsiri. Nikajiona na mimi nimekuwa kamati ya Tokyo.

Jioni moja narudi, nikamkuta amechukua simu yangu ya akiba, ana kamusi ya shule mapajani, anasoma mwenyewe neno kwa neno. Alikuwa amefika. Nikakaa mlangoni sikusema kitu. Alipomaliza akarudisha simu mezani, akaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yake. Nikamfuata nikaanza kujieleza, kwamba nilitaka kumwambia.

Akasema, "Lakini alikuja," akanipa kitambaa nikaushe sahani.

Sasa hivi yuko bweni, anachora kweli, na kwenye likizo iliyopita ameniletea kurasa nane za stori yake kuhusu zimwi la Ziwa Victoria. Wazo kali sana, sitaki kuwatajia lisije likaibiwa. Ukurasa wa nane umeishia katikati, mtu ameshika mlango. Nimemwuliza nani yuko nyuma ya mlango, anasema bado anafikiria. Nimempa mpaka Desemba.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye viatu, maana kuna binti ameniandikia barua kurasa nne anasema jamaa yake ana pea moja ya viatu na majina matatu. Msikose.